Mzee wa miaka 74 ametoka kwenye Covid: achanjwe lini tena, na nguvu zake zitarudi vipi?

MjukuuWaKuze ameuliza:

Salaam aleikum nduguzangu. Naomba majibu ya wenye kujua, maana ya kusikia nimeshayapata mengi.

Babu yetu ana miaka 74, tunakaa naye hapa Mji wa Kale, Mombasa, ghorofa ya pili. Ana sukari na presha. Dawa zake ni metformin ya sukari, amlodipine na losartan za presha, na atorvastatin ya kolesteroli. Alichanjwa AstraZeneca sindano mbili mwaka 2021, na tangu hapo hakuongeza yoyote. Sasa amepatikana na Covid, hakulazwa, na hii ni wiki ya tatu tangu dalili zianze. Homa imekwisha. Kimebaki kikohozi kikavu, ngazi hawezi kuzimaliza bila kusimama katikati, chakula hakimpi ladha wala harufu, na akitoka kuoga hulala saa nzima.

Ninayouliza: achanjwe sasa hivi au angoje, na je, itabidi aanze upya? Oksimita ya kidole tuliyonunua (kile kifaa cha kupima oksijeni ya damu) mara husoma 93, mara 97, tuamini ipi? Na hapa nyumbani tumegawanyika: wengine wanasema atembezwe kila siku mpaka atoke jasho, wengine alale tu. Kuna pia wanaotaka ajifukize kila usiku.

NesiKisauni amejibu:

Wa aleikum salaam. Nianze na oksimita, kwa sababu hilo halingoji.

Kabla ya kuamini 93 au 97, tazama imepimwa vipi. Babu akae kitini dakika 5 bila kuzungumza, mkono wake uwe na joto na umelazwa juu ya meza, kidole cha shahada au cha kati kiingie mpaka mwisho. Namba ya kwanza inayotokea usiichukue. Ngoja mpaka itulie, nusu dakika hadi dakika nzima, na kile kijiti cha mapigo kiwe kinapanda na kushuka kwa mpango. Halafu hesabu mwenyewe mapigo ya kifundo cha mkono na uyalinganishe na yale ya kwenye kioo. Yakipishana sana, basi hata namba ya oksijeni haifai, anza tena. Kidole baridi, feni inayompuliza usoni na mikononi, mkono unaotetemeka, jua kali linalopiga kwenye kifaa, vyote huharibu kipimo. Kwa kina bibi wa kwetu ongeza piko: ile rangi nyeusi ya kwenye ncha za vidole huzuia mwanga, kifaa kikashindwa kusoma au kikasoma chini ya ilivyo. Tumia kidole kisichopakwa.

Tena kuna hili ambalo wengi hawaambiwi dukani: kwa watu wenye ngozi nyeusi vifaa hivi huweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyomo damuni. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari juu ya jambo hilo mwaka 2021. Kwa hivyo usitosheke na namba moja nzuri. Pima asubuhi na jioni, kwa kidole kile kile, uandike kwenye daftari, na utazame mwendo wake. Mtu aliyekuwa 98 akashuka 96 kisha 94 kwa siku tatu anakuambia jambo zito, hata kama 94 peke yake haijakutisha.

Mipaka ya kufuata akiwa ametulia ni hii. 95 na zaidi ni sawa. 93 au 94 ambayo umeirudia baada ya dakika 10 ikabaki pale pale, mpigie daktari siku hiyo hiyo. 92 kwenda chini, hospitali, usingoje kupambazuke. (Mwenye ugonjwa wa mapafu wa siku nyingi ana kiwango chake alichopewa kliniki, huyo afuate hicho.) Na kwa mtu aliye wiki ya tatu, 93 ya kweli si mabaki ya mafua. Inabidi apigwe picha ya kifua na aangaliwe kama ana nimonia iliyofuatia au damu iliyoganda mapafuni. Hatari ya damu kuganda hubaki juu kwa wiki kadhaa baada ya Covid, hata kwa asiyelazwa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au kifua kikichoma anapovuta pumzi, mpeleke hata kama oksimita inasoma 97.

Kama mnapikia jiko la makaa, msipime jikoni wala karibu yake. Gesi ya makaa ikiingia kwenye damu, kifaa huihesabu kama oksijeni na kukupa namba ya kupendeza huku mtu anakosa hewa.

Hesabu pia pumzi zake kwa dakika nzima ukitazama saa, akiwa hajui kwamba unamhesabu, kwa sababu akijua atabadilisha. Zikizidi 24 kwa dakika akiwa amekaa tu, tafuta ushauri. Zikifika 30, ni dharura. Usimngoje mzee alalamike kwamba anakosa pumzi. Oksijeni huweza kushuka naye anazungumza nawe kama kawaida. Wazee wengi hata homa hawapati. Ugonjwa huwatokea kwa kuchanganyikiwa, kuanguka, kukataa chakula au kulala mchana kutwa. Mzee akianza ghafla kuita watu majina yasiyo yao, hilo halitokani na uzee, mpimeni.

Sasa chanjo. Hatoanza upya. Zile sindano mbili za 2021 zimehesabiwa, na anachohitaji ni sindano moja ya kuongeza. AstraZeneca iliondolewa sokoni na watengenezaji wake mwaka 2024, lakini kuchanganya aina kunaruhusiwa, na aliyepata AstraZeneca anaweza kuongezewa ya Pfizer au Moderna. Kinga ya sindano za 2021 dhidi ya kuambukizwa imekwisha zamani. Kinga dhidi ya ugonjwa mkali hudumu zaidi, lakini kwa mtu wa umri wake nayo hupungua, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limewaweka wazee na wenye maradhi kama sukari kwenye kundi la kuchanjwa tena kila baada ya miezi 6 hadi 12.

Ila asichanjwe wiki hii. Cha chini kabisa ni kwamba awe amepona makali ya ugonjwa. Akishapona, anaweza kungoja kama miezi 3 tangu dalili zianze, kwa sababu kwa muda huo maambukizi yenyewe yamempa kinga, na sindano inayokuja baada ya nafasi huamsha mwili vizuri kuliko inayokuja juu ya ugonjwa. Mzee mwenye sukari singemwacha avuke nusu mwaka.

Siku ya kuchanjwa avae kanzu au shati la mkono mpana linalopanda mpaka begani. Kina mama wavae ndani ya buibui blauzi ya mkono mfupi, na waombe pazia au nesi wa kike. Ni haki yao na wala si usumbufu. Sindano huingia kwenye msuli wa bega, upana wa vidole viwili hadi vitatu chini ya mfupa wa juu. Ikichomwa juu mno huumiza kiungo cha bega, na maumivu hayo huweza kukaa miezi. Basi bega lote liwe wazi, nguo isivutwe ikaachwa nusu. Mkono wenye mshipa wa kusafishia damu kwa wagonjwa wa figo usichomwe, wala upande uliotolewa tezi za kwapa kwa saratani ya titi. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, achanjwe tu, mradi kipimo chake cha damu kiko kwenye kiwango chake. Atumiwe sindano nyembamba, na pamba ikandamizwe dakika 2 au zaidi bila kusugua.

Baada ya hapo akae kituoni dakika 15. Kama aliwahi kupata mzio mkali wa dawa au kitu chochote, akae 30. Mzio mkali ni nadra, lakini ukija huja mapema, na dawa yake ya adrenalini iko pale, nyumbani haiko. Siku moja mpaka tatu zinazofuata mkono utauma, huenda akapata homa, uchovu, kichwa, pengine tezi ya kwapa kuvimba. Kwa mwenye sukari pima mara nyingi zaidi siku hizo, homa hupandisha.

FamasiaTononoka amejibu:

Nesi amesema kweli. Mimi niongeze upande wa dawa, kwa sababu ndiko wazee wetu wanakoumizwa na watu wanaowapenda.

Kwanza, deksamethasoni. Watu huja kuitaka kaunta kwa sababu wamesikia inaponya Covid. Utafiti wa RECOVERY wa Uingereza, uliotoa matokeo yake Juni 2020, ulionyesha kwamba miligramu 6 kwa siku, kwa siku zisizozidi 10, hupunguza vifo kwa wagonjwa wanaohitaji oksijeni au mashine ya kupumulia. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuwa na faida, na dalili zilielekea kwenye madhara. Kwa babu mwenye sukari, kidonge hicho kitapandisha sukari mpaka juu kabisa, na kudhoofisha kinga wakati anaihitaji. Asiguse.

Antibiotiki nazo, azithromycin na nyinginezo, haziui virusi. Zina kazi yake kama kuna nimonia ya bakteria, na hilo linaamuliwa na daktari baada ya kumsikiliza kifua.

Homa au maumivu yakirudi, mpe paracetamol. Vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Kama uzani wake uko chini ya kilo 50, au ini lake lina tatizo, dozi ipunguzwe, na kidonge kimoja kwa wakati kinatosha mpaka mwulize. Chunguza dawa za mafua za pakiti kabla ya kumpa, nyingi zina paracetamol ndani yake, na hapo ndipo mtu huzidisha bila kujua. Diclofenac na ibuprofen asipewe. Anatumia losartan, ana sukari, ana miaka 74: figo zake hazina nafasi ya kuchezewa. Tena sisi wa Mombasa tuna sababu ya pili. Homa ya hapa huweza kuwa denge, na denge pamoja na dawa hizo huleta kutoka damu. Mji huu umepata milipuko ya denge mwaka 2013 na 2017, na chikungunya mwishoni mwa 2017. Kwa hivyo homa mpya ikimrudia, usiseme "ni Covid ile ile." Apimwe malaria, na daktari afikirie denge. Kipimo cha haraka cha Covid kikitoka hasi siku ya kwanza, kirudiwe baada ya saa 48.

Dawa zake za kila siku asiache. Amlodipine na atorvastatin aendelee kama kawaida. Losartan na metformin ndizo zenye sharti: akitapika au kuharisha mpaka hawezi kushika maji tumboni, mpigie daktari siku hiyo umwulize kama zisimamishwe kwa muda, kwa sababu mwili uliokauka maji pamoja na dawa hizo mbili huumiza figo. Akianza kula na kunywa vizuri, siku moja au mbili baadaye zinarudi. Kosa ninaloliona ni kuziacha moja kwa moja kwa kuwa "zinamchosha," kisha presha inamlipukia.

Kuna vidonge vya virusi vyenyewe, nirmatrelvir pamoja na ritonavir, vinavyojulikana kwa jina la Paxlovid. Vinatakiwa vianzwe ndani ya siku 5 tangu dalili, kwa hivyo safari hii wakati umepita. Lakini kwa mara nyingine mjue: ritonavir hugongana na dawa za babu. Hupandisha nguvu ya amlodipine mpaka presha ikashuka mno, na hupandisha atorvastatin, ambayo kwa kawaida husimamishwa siku hizo. Mwenye simvastatin, dawa nyingine ya kolesteroli, haruhusiwi kuitumia pamoja na vidonge hivyo hata kidogo. Figo zikiwa dhaifu, dozi hupunguzwa. Andika orodha ya dawa zake zote na miligramu zake kwenye karatasi, uikunje, uiweke pamoja na kadi yake ya chanjo. Daktari wa zamu usiku hana muda wa kukisia "kile kidonge cheupe."

Kujifukiza: mvuke hauui virusi vilivyo mapafuni. Hulegeza kamasi ya pua, basi. Hatari yake ni maji yanayochemka mbele ya mzee aliyefunikwa shuka. Mwenye sukari ya miaka mingi huenda miguu yake haisikii moto; maji yakimwagika ataungua kabla hajajua, na kidonda cha mguu kwa mwenye sukari ni kisa kingine kirefu. Mkitaka kumfungua pua, maji ya chumvi ya kudondoshea puani yanatosha. Na udi na ubani viwekeni mbali naye kwa sasa, moshi wowote huchokoza kifua kilichotoka kuugua.

MjukuuWaKuze:

Ahsanteni sana. Nimempima tena kama mlivyoeleza, feni imezimwa na mkono umepashwa: 96 na 96, pumzi 18. Kumbe ile 93 ilikuwa chini ya feni. Limebaki suala la kutembea. Na akisimama kutoka sijida husema dunia inazunguka.

FizioPwani amejibu:

96 iliyotulia ni habari njema, na sasa kazi inaweza kuanza. Wanaotaka atembezwe na wanaotaka alale, wote wana sehemu ya haki, na ushauri wa upande mmoja ukifuatwa peke yake utamdhuru babu.

Kulala tu kunamla. Kuna utafiti uliolaza wazee wenye afya kitandani siku 10, nao wakapoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa. Mzee aliyekuwa na homa, asiyekula vizuri, hupoteza zaidi. Ngazi zinazomshinda leo si mapafu peke yake, ni mapaja.

Lakini kumtembeza mpaka atoke jasho nako kuna mtego. Baadhi ya watu baada ya Covid wakijisukuma leo, huanguka kesho au keshokutwa: uchovu mzito, maumivu ya mwili, akili kuwa na ukungu. Huja saa 24 hadi 72 baadaye, kwa hivyo familia haiunganishi mambo mawili. Wanasema "jana alikuwa mzima, leo amekuwa mvivu." Daftari lile lile la oksijeni liwe na mstari wa pili: leo amefanya nini, na kesho yake ameamkaje. Ukiona kazi ya Jumatatu inalipwa Jumatano kitandani, punguza nusu, wala usiongeze mpaka hali hiyo ikome. Kwa watu wa namna hiyo mazoezi ya kupandisha kidogo kidogo hayafai; wanatakiwa kugawanya nguvu zao.

Mpimeni kwanza mnaanzia wapi. Kiti kigumu kisicho na mikono, kimo cha kama sentimita 45, kiegemezwe ukutani kisiteleze. Babu akunje mikono kifuani, asimame wima na kukaa, mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Mwanamume wa umri wa miaka 70 hadi 74 akiwa chini ya mara 12 yuko chini ya wastani na yuko kwenye hatari ya kuanguka. Kwa mwanamke wa umri huo ni chini ya 10. Akilazimika kushika kitu ili asimame, hesabu ni sifuri, na hapo mazoezi yanaanza na kusimama kwa msaada. Mtu awe kando yake, na oksimita itazamwe kabla na mara tu baada ya zoezi. Ikishuka kwa 3 au zaidi, kwa mfano kutoka 96 mpaka 93, simamisha na umwonyeshe daktari kabla ya kuendelea. Kifua kubana, moyo kwenda mbio bila mpango, au kizunguzungu, vilevile.

Kama yuko salama, wiki ya kwanza iwe hivi: kusimama na kukaa mara 5, apumzike dakika 2, arudie mara 5, asubuhi na jioni. Kutembea ndani ya nyumba au barazani dakika 5 mara mbili au tatu kwa siku. Kipimo cha kasi ni mazungumzo: awe anaweza kusema sentensi nzima bila kukatika. Akikatika neno kwa neno, amezidisha. Akae kwenye kiwango kimoja siku 7, na kama hakuna siku aliyoanguka, ndipo aongeze, dakika 2 au 3 za kutembea na mara 2 za kusimama. Atoke asubuhi mapema au baada ya alasiri, hasa miezi ya kaskazi, kwa sababu joto na unyevu wa Mombasa peke yake humpandishia mtu mapigo.

Ngazi. Ngazi za nyumba za Mji wa Kale ni nyembamba na zimesimama wima, na kwa wiki hizi zihesabu kama zoezi zito kabisa la siku. Apande mara moja tu kwa siku, mtu awe nyuma yake, mkono mmoja kwenye kamba au ukuta. Aweke mguu, atoe pumzi kwa mdomo uliobanwa kama anayepoza chai wakati anajiinua, avute kwa pua akiwa amesimama. Kila vidaraja vitatu apumzike kabla hajachoka. Akingoja mpaka achoke, kurudisha pumzi kutamchukua dakika nyingi. Pumzi zikimzidi, akae aegemee mbele, viwiko juu ya mapaja, mabega yalegee. Au asimame aegemee ukuta, au dirisha kama liko kwenye kimo chake.

Kuoga kunamwangusha kwa sababu mtu husimama, huinua mikono, na maji moto hushusha presha, yote kwa mpigo. Wekeni kiti cha plastiki bafuni, maji yawe vuguvugu, taulo kubwa ya kujifunika badala ya kujisugua, na asioge saa ile ile ya mazoezi wala mara tu baada ya kula.

Kizunguzungu cha sijida msikidharau. Mpimeni presha amelala dakika 5, kisha asimame mpime baada ya dakika 1 na tena baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, presha yake huanguka anaposimama. Mara nyingi ni maji yamepungua mwilini, na dawa za presha ambazo kabla ya ugonjwa zilikuwa sawa sasa zimekuwa nyingi kwa mwili uliopungua. Daktari wa kliniki yake aione karatasi hiyo, msipunguze dozi wenyewe. Kwa sasa aswali akiwa amekaa kitini, sheria inamruhusu mgonjwa. Alfajiri asiruke kutoka kitandani: akae ukingoni dakika nzima, achezeshe nyayo mara 20, ndipo asimame.

Misuli haijengwi kwa mazoezi tu. Mzee anayepona anahitaji protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili wake. Akiwa na kilo 60, ni gramu 72 hadi 90 kwa siku, na yai moja lina kama 6 tu. Chai na mkate wa mofa havimfikishi popote. Igawanyeni: mayai mawili asubuhi, mbaazi au kunde na kipande kizuri cha samaki mchana, maziwa au mtindi alasiri, kuku au samaki usiku. Kama figo zake zimeshaonekana kuwa na tatizo, kiwango hicho aulize kwanza. Na madafu vilevile: yana potasiamu nyingi, losartan nayo huzuia potasiamu isitoke, kwa hivyo mwenye figo dhaifu asinywe dafu baada ya dafu kwa kudhani anajitibu.

HarufuYaMarikiti amejibu:

Kuhusu ladha na harufu, kuna mazoezi ya pua yanayojulikana, na vitu vyake viko soko la Marikiti kwa bei ndogo. Harufu nne zinazotumika ni waridi, limau, karafuu na mkaratusi. Chukueni vichupa vinne vyenye vifuniko: kimoja karafuu nzima zilizopondwa kidogo, kimoja ganda la limau lililokwaruzwa, kimoja pamba yenye marashi ya waridi, kimoja majani ya mkaratusi au tone la mafuta yake kwenye pamba. Asubuhi na jioni anuse kila kimoja sekunde 20, kwa pumzi ndogo ndogo, apumzike kidogo kisha kifuatacho. Anaponusa afikirie ile harufu anayoijua, ndiyo sehemu ya zoezi. Aendelee wiki 12 au zaidi. Limau libadilishwe kila baada ya siku mbili tatu, marashi kila wiki, la sivyo ananusa chupa tupu na kudhani haponi. Mafuta ya karafuu safi msiyatumie puani, yanachoma.

Wakati huu harufu haipo, babu asiachwe peke yake na meko ya gesi, wala asipewe kazi ya kuonja kama samaki au maziwa yameharibika. Na chumvi ifichwe kidogo. Asiyesikia ladha huongeza chumvi mpaka presha ikapanda. Limau, tangawizi, bizari na pilipili manga vitamfikisha mbali zaidi.

MjukuuWaKuze:

Allah awajazi kheri. La mwisho: ile miezi 3 itaangukia Ramadhani. Sindano itamvunjia saumu?

NesiKisauni amejibu:

Wanazuoni wengi wamesema sindano ya chanjo haivunji saumu, kwa kuwa inaingia kwenye msuli wala si chakula. Mwulizeni shehe wenu mkitaka utulivu wa moyo, au mchanjeni usiku baada ya kufuturu kama kuna kituo kilicho wazi, au wiki moja kabla. Linalonishughulisha zaidi ni saumu yenyewe: mzee mwenye sukari aliyetoka kuugua aamuliwe na daktari wake kabla ya mwezi kuandama. Akifunga, sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L au ikipanda juu ya 16.7, afungue hapo hapo. Kujidunga kidole kupima sukari hakufungui, kwa hivyo asiogope kupima mchana.

Mkikaribia tarehe, pigeni simu kwanza kitengo cha chanjo cha Hospitali Kuu ya Pwani pale Makadara, au hospitali ya serikali iliyo karibu nanyi. Chanjo hii haikai kila zahanati, na kichupa kikishafunguliwa kina saa chache tu, kwa hivyo vituo vingine hukusanya watu siku moja. Mwulize nesi aina iliyopo na tarehe ya kwisha kwake. Siku hiyo hiyo anaweza kuchanjwa ya mafua pia, mkono wa pili. Nendeni na kadi ya 2021. Kama imepotea, kitambulisho chake kitasaidia kutafuta kumbukumbu zake kwenye mfumo wa serikali uitwao Chanjo, na hata zisipopatikana, asirudishwe nyumbani bila sindano kwa sababu hiyo.

Na ikitokea wiki yoyote kabla ya hapo namba za daftari zimeanza kushuka, sahauni tarehe ya chanjo, mpelekeni kwanza.